Wakija kutuuliza habari za moyo

Mara nyingi huanza hivi. Pikipiki mbili zinafika kutoka upande wa Kindu au Kalima, zimejaa matope. Wanashuka vijana wenye mifuko mgongoni, wanakwenda kumwona mkuu wa kijiji, wanatoa barua. Kesho yake wanaingia nyumba moja, wanaruka mbili, wanaingia nyingine. Wanauliza: Je, wiki hii umepata usingizi? Je, unaota ndoto mbaya? Je, kuna njia unayoogopa kuipita kwa sababu inakukumbusha jambo lililokupata? Jioni wanapanda pikipiki na kwenda zao. Watu wanabaki kuulizana. Hawa ni wa turubai? Ni wa serikali? Mbona nyumba yangu wameiruka? Na mbona wamemwuliza mama fulani mambo ambayo hata mume wake hajawahi kumwuliza?

Makala hii ni kwa jamaa zilizokimbia vita na kwa wakuu wanaozipokea katika teritwari ya Pangi, iwe mmetoka Shabunda, Punia au vijiji vya hapa hapa. Haielezi namna ya kuponya vidonda vya moyo. Inaeleza namna watu wanavyovichunguza na kuvipima, kwa sababu matokeo ya uchunguzi huo husaidia kuamua msaada gani uletwe, uende wapi, na nani atasahauliwa. Njia za kuchunguza zimebadilika sana tangu miaka ya 1980, na baadhi ya mabadiliko hayo yametokana na kazi iliyofanyika katika Kongo ya mashariki na kwa majirani zetu. Anayeulizwa akiijua kazi ya muulizaji, hadanganywi kwa urahisi, na yeye pia hana sababu ya kumdanganya.

Swali ndilo kipimo

Mganga akitaka kujua kama mtoto ana malaria, humchoma kidole na kutazama damu. Moyo uliojeruhiwa hautoi damu ya kutazamwa. Kilichopo ni maneno tu: mtu aulizwe, naye ajibu. Kwa hiyo swali likiwa bovu, jibu litakuwa bovu, hata kama aliyejibu amesema kweli tupu.

Tuelewane kwanza juu ya neno kiwewe. Kuogopa, kukosa usingizi na kulia baada ya kijiji kuchomwa si ugonjwa. Mwili na roho vinafanya kazi yake. Kwa watu wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki au miezi, wakipata usalama na kuwa karibu na ndugu zao. Kwa wengine haipungui. Picha zile zile zinarudi mchana na usiku, mtu anakwepa njia ya shamba, anashtuka mlango ukigongwa, anawafokea watoto bila sababu au anakaa kimya siku nzima. Waganga wa akili wa Marekani waliiweka hali hii katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980, baada ya kuwatazama askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam.

Baada ya hapo zikatengenezwa orodha za maswali. Moja inayotumika sana ilitoka Chuo Kikuu cha Harvard, ikaandaliwa kwa wakimbizi wa Vietnam, Kambodia na Laos waliokuwa Marekani, na kutangazwa mwaka 1992. Nyingine huitwa orodha ya Hopkins. Ina maswali 25 juu ya huzuni na wasiwasi. Orodha hizi zimetembea dunia nzima, nasi zimetufikia. Lakini maneno hayasafiri vizuri kama karatasi. Katika orodha ya Hopkins kuna swali ambalo, kwa lugha yake ya kwanza, linauliza kama mtu anajisikia wa rangi ya bluu, maana yake ana huzuni. Ukilitafsiri neno kwa neno, mama wa Pangi atakutazama tu na kungoja umalize utani wako.

Dawa ya kwanza ya shida hii ni kutafsiri mara mbili. Mtu mmoja anageuza maswali kuwa Kiswahili au Kirega. Mwingine, ambaye hajaona maswali ya kwanza, anayarudisha katika lugha yalikotoka. Kisha wanalinganisha. Neno lililopotea njiani linaonekana hapo. Dawa hiyo ni nzuri lakini haitoshi, kwa sababu inaweza kutafsiri vizuri swali ambalo halituhusu.

Dawa ya pili ndiyo iliyobadilisha kazi hii. Mwaka 1999 mtafiti Paul Bolton na wenzake walikwenda Rwanda, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari. Kabla ya kutoa orodha yoyote, waliwauliza wanakijiji wenyewe: Tangu mauaji yale, watu wamepata shida gani? Watu wakazitaja kwa maneno yao. Yakatokea majina mawili ya Kinyarwanda, guhahamuka na agahinda. La kwanza linakaribia kile wageni wanachokiita kiwewe. La pili ni huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu ya kuishi. Ndani ya maneno hayo kulikuwa na dalili zilizomo katika vitabu vya wageni, na nyingine ambazo vitabu havikuwa nazo. Kuanzia hapo watafiti wengi walio makini husikiliza kwanza, halafu ndipo wanaandika maswali.

Wanauliza pia juu ya kazi. Mtu mwenye afya katika kijiji hiki anaweza kufanya nini? Kulima, kutwanga, kupika sombe, kwenda kwenye kilio cha jirani, kuwashauri watoto. Orodha hiyo hutoka kwa wanakijiji, na baadaye kila mtu huulizwa anapata shida kiasi gani katika kila kazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali bora kuliko yote. Wengi wetu hatujui kusema tuna kiwewe au hatuna. Lakini kila mtu anajua kama bado anaweza kwenda shamba.

Kwa nini nyumba yangu wameiruka

Anayeonja sombe hali chungu kizima. Anakoroga, anachota kijiko kimoja, anajua kama chumvi imetosha. Lakini lazima akoroge. Akichota juu tu atapata mawese, aseme chungu chote ni mafuta.

Kuchagua nyumba ni vivyo hivyo. Mtafiti hawezi kuuliza kila mtu wa Pangi. Anachagua nyumba kwa hesabu ambayo haimpendelei yeyote, kwa mfano nyumba moja kila tatu, au kwa kuokota majina yaliyokunjwa kwenye kofia. Nyumba iliyorukwa haikudharauliwa, na iliyoingiwa haikupendelewa. Mambo huharibika pale mkuu wa kijiji anapowashika wageni mkono na kuwapeleka kwa shemeji zake, au kwa wale tu wanaojua kuzungumza. Hapo ni mawese tupu.

Niliwahi kuwa muulizaji, miaka mingi iliyopita, katika kambi moja ya waliohama. Asubuhi ya kwanza mtu mmoja alipita akisema kwamba atakayeonekana anateseka sana ndiye atakayepewa turubai. Hatukuwa na turubai hata moja. Mchana ule kila tuliyemwuliza alijibu ndiyo, kwa kila swali, kuanzia ndoto mbaya mpaka kutaka kufa. Tulirudi na karatasi zilizojaa ndiyo. Waliokuwa wanataka kufa kweli walikuwemo ndani yake, nasi hatukuweza kuwatofautisha na waliokuwa wananyeshewa. Sikuwalaumu watu. Mvua ilikuwa inawanyeshea kweli. Lakini tangu siku hiyo naamini kwamba muulizaji asiyesema wazi mbele ya watu wote kile alicholeta na kile ambacho hakuleta, ameharibu kazi kabla ya swali la kwanza.

Sasa tutazame namba zilizokwisha kutolewa juu ya Kongo ya mashariki. Mwaka 2007 watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham na wenzao waliwauliza watu 2,620 juu ya amani, haki na yale waliyoyapata vitani, katika Ituri na Kivu zote mbili. Mwaka 2010 utafiti mwingine, wa watu wazima 998 wa Ituri na Kivu zote mbili, ulikuta dalili za kiwewe kwa watu 50.1 katika kila 100, na dalili za huzuni kubwa kwa watu 40.5 katika kila 100.

Namba kama hizo zinahitaji kusomwa pole pole. Hazisemi kwamba nusu ya watu ni wagonjwa wa akili. Zinasema kwamba, siku walipoulizwa, nusu walikuwa na dalili za kutosha kupita mstari uliowekwa kwenye orodha. Wengine kati yao wangepata nafuu bila dawa kama wangelala siku 30 bila kusikia bunduki. Wengine wasingepata. Swali la siku moja haliwezi kuwatenganisha. Inabidi kurudi na kuwauliza tena.

Na jambo lingine: Maniema haimo katika tafiti hizo mbili. Mtu aliyekimbia kutoka Shabunda mpaka Pangi amevuka mpaka wa jimbo. Nyuma yake kuna namba za Kivu. Hapa alipofika anatazamwa kwa namba zilizohesabiwa kwingine. Wakuu mkikutana na mashirika, mna haki ya kuuliza namba wanazotumia zilitoka kijiji gani na mwaka gani.

Kura ya vijiji

Jambo linaloleta manung'uniko kuliko yote ni hili: kijiji kimoja kinapewa msaada wa mazungumzo, cha jirani kinaambiwa kingoje. Hapa Maniema jambo hilo si geni. Mradi wa Tuungane, ulioanza mwaka 2007 kwa fedha za Uingereza, ulichagua vijiji kwa kura iliyopigwa hadharani, na Maniema ilikuwa ndani.

Kwa nini kura? Kwa sababu muda peke yake huponya watu wengine. Tuseme shirika limekaa na wamama 100 kwa miezi mitatu, na mwishoni 40 wanalala vizuri. Je, ni kwa sababu ya mazungumzo? Au ni kwa sababu mpunga umevunwa na wenye silaha wameondoka? Hutajua mpaka utazame wamama wa kijiji kingine waliopata mavuno yale yale na utulivu ule ule bila mazungumzo yale. Na ukichagua mwenyewe kijiji cha kupata, utachagua kilicho karibu na barabara, au kile ambacho mkuu wake ni rafiki yako. Kura inazuia hilo. Ikipigwa mbele ya macho ya watu, inazuia pia maneno. (Katika Tuungane, kwa taarifa yenu, watafiti waliotoa ripoti mwaka 2012 walisema hawakuona badiliko kubwa katika uongozi wala umoja wa vijiji. Kipimo cha haki hutoa hata majibu yasiyompendeza mwenye fedha.)

Mfano bora tulio nao kuhusu vidonda vya moyo unatoka kwa majirani wetu wa Kivu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Chuo Kikuu cha Washington na shirika la IRC walifanya kazi na wanawake waliobakwa au walioshuhudia ubakaji, ambao walikuwa na dalili nzito. Vijiji viligawanywa kwa bahati. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipata mazungumzo mara 12: mara moja mtu peke yake, mara 11 katika kikundi. Katika vijiji 8, wanawake 248 walikuwa na mshauri wa kumwendea kila mmoja alipohitaji. Tazameni vizuri: hata hao wa pili hawakuachwa mikono mitupu. Waliongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kongo wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa. Hakuna aliyelazimishwa kusimulia mbele ya wenzake mambo aliyotendewa. Walijifunza kupambana na mawazo kama lile la kwamba kosa ni lao. Wasiojua kuandika walipewa mazoezi ya kushika kichwani.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya kazi kumalizika, waliobaki na huzuni au wasiwasi mzito katika vijiji vya vikundi walikuwa 9 katika kila 100. Katika vijiji vingine walikuwa 42. Kuhusu kiwewe, tofauti ilikuwa karibu sawa na hiyo. Watafiti walirudi tena baada ya zaidi ya miaka sita kuwatazama waliokuwa katika vikundi, wakakuta sehemu kubwa ya nafuu ile bado ipo.

Sisemi kazi hiyo haina kasoro. Katika vikundi, wanawake 65 tu katika kila 100 walipatikana kwa maulizo yote matatu. Kwingine ni 52. Watu walihama, na njia zilikuwa hatari. Wale ambao hawakupatikana, je, walikuwa na hali nzuri au mbaya zaidi? Watafiti wenyewe wameandika udhaifu huo, na mtu anayeandika udhaifu wa kazi yake anastahili kusikilizwa.

Kule Nakivale, Uganda, walikwenda hatua moja zaidi. Washauri walichaguliwa kati ya wakimbizi wenyewe, Wanyarwanda na Wasomali, wakafundishwa, wakawasaidia wenzao. Walioshiriki walikuwa 277, na matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Baada ya miezi tisa, 70 katika kila 100 waliosaidiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao yote kwa utaratibu hawakuwa tena na kiwewe. Waliopata ushauri wa njia nyingine walikuwa 65. Waliokuwa wanatazamwa tu walikuwa 37.

Amani inahusikaje

Mtu anaweza kuuliza kwa nini gazeti la amani linaandika habari za ndoto mbaya. Mwezi wa pili wa mwaka 2002 watu 2,091 waliulizwa katika Rwanda, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Karibu robo yao, 24.8 katika kila 100, walikuwa na dalili za kiwewe. Hao walikuwa wazito zaidi kuamini mambo kadhaa yanayohusu upatanisho, kama vile kuishi tena pamoja na watu wa upande mwingine.

Msikimbilie kusema kwamba kiwewe ndicho kinachokataza amani. Utafiti ule uliona vitu viwili vikitembea pamoja, haukuona ni kipi kinachovuta kingine. Labda aliyeona mabaya mengi hapati usingizi na pia hamwamini jirani, na vyote viwili vinatokana na yale aliyoyaona. Lakini mkuu anayeitisha mkutano wa upatanisho kati ya wenyeji na waliohama ajue kwamba mbele yake wamo watu ambao mwili wao bado uko vitani. Hawasemi neno, na si kwa sababu wamekubali.

Tena, zamani watafiti waliuliza juu ya vita tu. Mwaka 2010 Kenneth Miller na Andrew Rasmussen waliandika kwamba mateso ya moyo ya waliokimbia hutokana pia na taabu za kila siku: njaa, kukosa shamba, kodi ya nyumba, kudharauliwa na wenyeji, kutengana na ndugu. Kila aliyelala katika darasa la shule pamoja na jamaa nne alilijua hilo tangu zamani. Sasa limo katika fomu. Kwa hiyo mkiulizwa habari za shamba na maji katikati ya maswali ya moyo, msidhani mmebadilishiwa mazungumzo.

Mnachoweza kudai

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 maagizo juu ya kuuliza habari za ubakaji wakati wa vita. La kwanza ndani yake ni kwamba faida ya kuuliza lazima iwe kubwa kuliko hatari kwa anayeulizwa. Huduma ya kuwasaidia walioumia lazima iwepo kabla maswali hayajaanza. Kwa hiyo mwulizeni mgeni, kabla ya yote: mama akianza kutetemeka na kulia katikati ya maswali yako, utampeleka wapi leo? Kama hana mahali pa kutaja, kituo cha afya au mshauri anayefikika, ana kazi ya kufanya kabla ya kurudi kwenu.

Kila mtu anaweza kukataa. Anaweza kukubali, kisha akasimama katikati. Anaweza kuruka swali. Kukataa hakumwondoi kwenye orodha ya chakula, na kujibu hakumwingizi. Jina lisiandikwe juu ya karatasi ya majibu. Mazungumzo yafanyike mahali ambapo hakuna anayesikia, wala mume, wala mama mkwe, wala mtoto mkubwa anayejifanya anacheza. Mwanamke aulizwe na mwanamke kama anataka hivyo. Wababa nao waulizwe, maana wengi wao hunyamaza na kunywa, kisha tunasema ni tabia yao.

Kwa wakuu nina ombi gumu kidogo. Barua ikija, isomeni, ulizeni kamati gani ya maadili imeikubali kazi hiyo, pigeni simu Kindu mkiona shaka. Mkisha kuruhusu, kaeni mbali na mlango. Msimwulize mtu baadaye kwamba amejibu nini. Katika kijiji ambamo walioumiza na walioumizwa wanachota maji kwenye chemchemi moja, neno moja lililotoka nje ya nyumba linaweza kumfukuza mama mara ya pili.

Na kabla pikipiki hazijaondoka, mwulizeni kiongozi wao ni mwezi gani watarudi kuwasomea matokeo, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Andikeni mwezi huo katika daftari la kijiji, na jina la shirika, na namba ya simu, naye atie sahihi.